Gari la Kuzeeka Nalo

Shangazi,

Mbukwa, salamu yetu ya nyumbani. Na shikamoo yako naiweka hapa hapa, ingawa leo hakuna ile marahaba yako ndefu, iliyokuwa ikianza kabla mtu hajamaliza kusalimia.

Nimewauza ng'ombe. Nakuambia mapema kwa sababu hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka. Wale wote wanne ulioniachia, uzao wa Madoa wako, wametoka zizini hapa Gulwe baada ya mavuno. Kwa hela yao na akiba yangu ya ualimu nimenunua gari. Si pikapu. Si basi dogo la abiria, kama Baba Mdogo Yohana alivyotaka. Ni gari la spoti la milango miwili, limetumika, na kwa umri wake lingekuwa mtu lingeshapiga kura.

Baba Mdogo alisema mbele ya ukoo kwamba nimegeuza ng'ombe wa dada yake kuwa bati. Nilikuwa nawaza maneno yako ya siku ile uliponiita kando ya kitanda: "Ukiwauza sitakulaumu. Ila ununue kitu cha kuzeeka nacho." Hapo ndipo mzigo wangu ulipokuwa. Kununua gari kila mtu anaweza. Mimi nilitakiwa kununua gari ambalo halitanifia mkononi baada ya mwaka, nikabaki sina gari, sina ng'ombe, na Madoa akawa amezaa bure.

Na kwa nini la spoti, wewe unajua. Tulikuwa tumesimama Mbande tukisubiri basi la mjini, wewe na fimbo yako, mimi na kuku wawili wa mwalimu mkuu. Likapita gari fupi, chini kabisa, linanguruma. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukauliza mbona lile limechuchumaa. Kisha ukalitazama mpaka likaishia kwenye mteremko. "Lakini linakwenda," ukasema. "Siku moja unipandishe." Nikakuahidi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilidhani muda upo.

Nilipoanza kutafuta, walimu wenzangu walinipa ushauri wote wa dunia: angalia kilomita, angalia moshi, angalia matairi. Mimi nilikuwa na mwalimu mwingine, ambaye hakuwahi kushika usukani. Ulikuwa mwanamke peke yako kwenye mnada wa Mpwapwa, unapita katikati ya wanaume wenye makoti, na wakikuona wanapunguza sauti. Nilikufuata tangu nikiwa darasa la tatu. Nilibeba maji yako, nikakuona unavyowakataa ng'ombe ambao wengine waliwagombania.

Gari la kwanza lilikuwa Dodoma mjini, kwenye uwanja wa magari. Jekundu, limepigwa sabuni mpaka unajiona sura. Shangazi, nikafanya kosa ambalo ungenichapia. Nikasema hili gari zuri, mbele ya mwenyewe. Yule bwana akatabasamu kama aliyeona mvua. Nikaanza kutafuta kalamu ya kutia sahihi. Kisha, sijui kwa nini, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa saa moja asubuhi, naye alikuwa ameniambia gari halijawashwa tangu juzi. Boneti ilikuwa ya moto.

Nikakukumbuka na yule maksai mnene wa Mpwapwa. Kila mtu alimtaka, wewe ukamwambia mwenyewe amlaze chini, halafu amwache ainuke. Akakataa, akaleta maneno mengi. Ukaondoka. Njiani ukaniambia, "Ng'ombe anayeamshwa kabla ya mgeni kufika ana ugonjwa wake." Nami nikafunga kalamu yangu nikaondoka. Wiki mbili baadaye nilisikia kuna mtu amelinunua lile gari jekundu, na kila asubuhi linasukumwa.

La pili lilikuwa la Ulaya, buluu, na hata fundi wangu alilisifu. Lakini spea zake zilikuwa za kuagiza nje ya nchi, mwezi mzima kwa kipande kimoja. Nikakusikia tena: usilete zizini ng'ombe anayekula majani ambayo kwetu hayaoti. Hilo nalo nikaliacha, na nililiacha kwa uchungu.

La tatu lilikuwa Kondoa, kwa Mzee Swalehe, Mrangi mwenye mashine ya kusaga. Nililala gesti huko ili nifike kwake alfajiri bila kumpa taarifa ya saa. Nikamkuta anatoka msikitini. Gari lilikuwa bandani, limefunikwa shuka safi kuliko ya kitanda changu cha gesti. Nikaweka kiganja. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la kusagia. Nikafunga mdomo wangu, nikaomba aliwashe.

Likaguna mara moja, likaamka. Moshi kidogo, mweupe, ukapotea. Nikamwomba fundi niliyekuja naye alale chini alichungulie. Akatoka na vumbi mgongoni akasema hakuna kutu hata ya dawa. Ukame wetu huu, tunaoulalamikia kila mwaka, ulikuwa umelitunza. Na spea zake zinapatikana mjini, nilikuwa nimeuliza maduka matatu kabla ya kupanda basi.

Hata hivyo hayo siyo yaliyoniamulia. Kabla sijauliza chochote, mzee akaanza kunitajia kasoro zake. Kioo cha kushoto hakishuki mpaka ukisaidie kwa mkono. Gia ya pili inagoma kuingia hadi injini ipate joto. Bampa ya nyuma aliigonga mwenyewe kwenye ukuta wa mashine yake, akapaka rangi, na mkewe hajui mpaka leo. Anauza kwa sababu magoti yamekataa. Kuingia anaingia, kutoka anavutwa na wajukuu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeoza binti, "Nawe utalilaza wapi?"

Ulikuwa unasema muuzaji akikuonyesha kilema kabla hujakiona, mpe mkono. Nikampa mkono. Sikusifu kitu mpaka nilipovuka daraja la kutokea mjini. Hapo nikasimamisha pembeni, nikalia kidogo, kisha nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimechagua peke yangu na hukuwa mbali.

Leo nimelileta Gulwe. Kipande cha mwisho kina mawe, limekwaruza tumbo mara mbili, nikaliacha pale kwenye kona nikaja kwa miguu. Lakini kabla sijaondoka pale, Baba Mdogo alilikagua. Alilizunguka, akaweka kiganja juu ya boneti kama mimi, akauliza linalala wapi. Kisha akaingia kukaa. Kutoka ikawa kazi. Tulimvuta watu wawili, na alipopata kusimama alikuwa anacheka kwa machozi. Alisema tu kwamba dada yake angelipenda. Neno "bati" sijalisikia tena.

Nimekaa hapa kwenye kaburi lako, daftari gotini, na kuna jambo la mwisho. Ulinifundisha nisisifu kitu mbele ya mwenyewe, nami nikaishika sheria hiyo kuliko ulivyokusudia. Niliitumia mnadani, nikaitumia nyumbani, nikaitumia kwako. Miaka yote ile nilipokutazama ukipita katikati ya wale wanaume, kifua kilikuwa kinanijaa, na sikuwahi kukuambia. Uliugua, nikakuletea uji na dawa, bado sikukuambia. Nilidhani unajua. Kwa hiyo nasema sasa, umechelewa kupandisha bei: Shangazi, sijaona mtu mwenye jicho kama lako, wala mtu aliyesimama wima kama wewe. Kila kitu kizuri nilichowahi kuchagua, nilichagua kwa macho yako.

Na katika hivyo yumo Neema, mke wangu. Ulimtazama mara moja akiinua ndoo, ukaniambia niache kuzubaa. Alipoambiwa ng'ombe wote wanauzwa kwa ajili ya gari la watu wawili, aliuliza rangi tu. Amesafiri leo kutoka Dodoma akiwa ameibana fimbo yako katikati ya magoti, maana ndefu, haina pa kulala.

Lala vizuri, Shangazi. Gari hili sitaliuza. Nitabadilisha oili kabla ya wakati wake, nitalifunika shuka, na siku magoti yangu yatakapogoma nitavutwa na wajukuu. Fimbo yako haitashuka humo garini. Ahadi ya Mbande naitimiza hivyo, kwa kuwa kukupandisha mwenyewe nimechelewa.

Neema yuko kule kwenye kona ananisubiri, kama saa nzima sasa, na hajapiga honi hata mara moja. Huyu naye sijawahi kumsifu mbele yake. Naweka kalamu chini, naenda kumwambia.

Mwanao.