Kompyuta ya Junu

Patan,
Tarehe 6, mwezi wa Asoj

Kwa dada yangu mkubwa Devaki,

Nakuinamia miguuni kutoka huku mbali. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimeshatulia, na shemeji naye ameacha ubishi na anameza dawa zake. Huku mvua zimeanza kupungua. Mwili wangu ni mzima, ila ukiniuliza habari za moyo nitakuomba uketi kwanza.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nawe unajijua. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Juzi nilikuambia nusu tu ya mambo. Nilikuambia kwamba Junu, mke wa mwanangu Ujwal, aligusa kompyuta siku ya sala ya Bishwakarma ilhali yuko mwezini, na kompyuta ikafa. Ukasema huyo arudi kwao kabla hajanimalizia mtoto. Nikakujibu kwamba ameshakwenda, ukanisifu. Sasa ngoja nikueleze yote.

Siku ya sala niliamka kabla ya wote. Bishwakarma, mungu wa mafundi na mitambo, ndiye ninayemwogopa kuliko miungu yote, tangu lori lilipomtumbukiza marehemu mume wangu korongoni, miaka kumi na tisa iliyopita. Na Ujwal yuko kule milimani kwenye ujenzi wa bwawa, anashinda katikati ya mashine kubwa kuliko nyumba yetu. Basi nikabariki kila chenye chuma: cherehani, baiskeli, jiko la gesi, hata mkasi. Kompyuta niliiweka mwisho ili niitendee vizuri, maana ndiyo inayotulisha. Junu anasikiliza humo sauti za madaktari wa nchi za mbali na kuwaandikia ripoti zao. Kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa nikakifunga kitambaa chekundu, nikakizungusha mara tatu, kijicho kisikipate.

Palipokucha Junu akaniambia kwa aibu kwamba ameingia mwezini. Nikamwambia asiguse kitu kwa siku nne, kama desturi inavyotaka. Akasema, "Mama, mgonjwa hangoji siku nne," akaketi kwenye kazi yake. Nilikwenda zangu jikoni.

Mchana huo taa ya kisanduku ikawa nyekundu. Junu akakizima, akahesabu mpaka thelathini, akakiwasha. Ikarudi kijani, halafu nyekundu tena. Akabadilisha waya. Akawapigia watu wa kampuni ya intaneti mpaka sikio likachoka, nao wakamwambia azime na awashe. Aliomba afungue kile kitambaa, nikamfokea kwamba akikigusa tutazikana humu ndani. Asubuhi intaneti inakuja, jua likikolea inakufa. Siku ya pili kompyuta ikaanza kujizima yenyewe. Siku ya tatu ikatoa harufu ya kuungua, na kioo kikawa cheusi.

Ofisi yake ikampa siku tatu. Zikipita hajarudi kazini, nafasi anapewa mwingine. Lakini mimi, dada, sikuiwaza kazi. Kila kilipozimika kitu nilimwona Ujwal akianguka. Nilimpigia simu mara saba, na ile mara moja ambayo hakupokea, nilikaa sakafuni nikabonyeza namba yake tena.

Junu akachukua bisibisi akafungua ubavu wa kompyuta. Akatazama ndani kwa muda mrefu, akaufunga, akasema taratibu kwamba labda tumwite fundi Nuchhe. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nilimwambia ni yeye aliyeiua, na kwamba baada ya mashine atafuata mume wake. Alifungasha mkoba mdogo, akanigusa miguu, akasema, "Mama, dawa ya presha iko juu ya friji, usisahau." Akaenda kwao Thankot.

Jana fundi Nuchhe alikuja. Alifungua, akachokonoa, akasema haraka haraka kwamba kifaa kimoja kimezeeka, basi, hakuna cha ajabu. Nilimwona hanitazami usoni. Alipokwenda nje kunawa mikono niliinama nikachungulia.

Ndani, juu ya feni na kwenye ule ubao wenye nyaya, kulikuwa na mchele. Punje zimegandiana na mtindi uliokauka, zote nyekundu kwa poda, na petali moja ya ua la njano.

Ni mimi, dada. Kwenye sala hiyo watu wengine huipaka mashine alama ya mchele, mtindi na poda kwa mbele tu, wakaridhika. Mimi niliona mungu afike moyoni kabisa, kama tulivyokuwa tukifungua boneti ya lori. Kwa hiyo alfajiri ile nilimimina mchanganyiko wangu kwenye matundu ya juu, na maji ya baraka nikaongeza.

Nuchhe aliporudi nilimshika mkono nikamwambia aseme kweli. Akakwepa, akacheka, mwisho akasema Junu alishampigia simu. Alimwambia, "Kaka, mle ndani utakuta mchele. Mwambie mama kifaa kilizeeka. Akijua ni mkono wake ataamini mungu amemkataa, na ule moyo wake hautahimili." Kisha Nuchhe akaondoa mchele, akabadilisha kifaa kilichoungua, akafungua na kile kitambaa chekundu. Kisanduku kilikuwa cha moto kama pasi. Kilipopoa, taa ikawa kijani, na imebaki kijani mpaka sasa ninapoandika.

Kwa hiyo alijua, dada. Aliona kila kitu, akafunga ubavu wa kompyuta, akanyamaza, nami nikamtukana.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Mwaka ule wa lori nyote mlisema tulisahau sala. Hatukusahau. Mume wangu alikuwa na haraka, hakukuwa na mtu mwingine nyumbani, na mimi nilikuwa mwezini. Nilificha. Nilimpaka yeye alama kwenye paji la uso, nikalipaka lori, kwa mkono huu. Siku tano baadaye mkamleta amefunikwa. Makanika aliniambia siku ya msiba kwamba breki zilikuwa zimekwisha tangu zamani. Sikumsikiliza. Miaka kumi na tisa nimeishi nikijua kwamba nimemuua mume wangu, na Junu aliposema yuko mwezini, nilimtwisha yeye woga wangu wote.

Leo ndiyo siku ya mwisho waliyompa kazini. Kompyuta inawaka. Nimeshavaa viatu, nakwenda Thankot kumwomba arudi, na nitamwambia yote mawili, la mchele na la lori. Nimekuandikia wewe kwanza ili nikose pa kurudi nyuma. Naogopa, dada. Mungu nilimwogopa miaka yote hiyo na hajanitazama hata mara moja. Junu atafungua mlango na atanitazama.

Msalimie shemeji na wote hapo Tansen. Ukinipigia, usiniulize mimi kilichotokea. Omba uongee na Junu, kama atakuwa amekuja.

Mdogo wako,
Tulasa