Anwani ya Gauni la Yasmini

Isevya, Tabora

Mpendwa dada Kuluthumu,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma, na shemeji na watoto hawajambo. Huku tu wazima. Mama anakula vizuri, ila kila siku ananiuliza kwa nini sikupigii simu. Nimeshindwa, dada. Ningesikia sauti yako ningelia tu, nisiseme neno.

Ile tovuti niliyolitengenezea duka letu la ushonaji, mteja aone nguo yake imefikia wapi, unaikumbuka. Kila ukurasa ulikuwa na anwani ya tarakimu tupu, wateja wananisumbua kuuliza ipi ni yao. Basi mwezi uliopita nikaandika njia mpya ndani ya programu: linatangulia neno nguo, linafuata jina la vazi na la mwenyewe, na programu inajua ukurasa upi wa kufungua. Anwani zikawa safi, hata mama anazisoma. Nilijiona kweli, sikufichi.

Wiki ileile habari za posa ya Abdulatifu kwa mdogo wetu Yasmini zikavuja. Tulikubaliana tufunge midomo mpaka Baba mkubwa Abbasi aelezwe kwa heshima, maana baba hayupo na yeye ndiye walii wa kumwozesha. Akazisikia sokoni! Akatuma ujumbe kwamba kama tumeshaozesha bila yeye, tutafute walii mwingine. Yasmini hakula siku mbili.

Mimi moja kwa moja nikamshuku Batuli, anayetudarizia. Nani mwingine alikishika kitambaa cha gauni la ndoa la Yasmini? Nikaanza kumchunguza. Simu anailaza kifudifudi. Nikiingia, ananyamaza. Siku moja alitoka nje kuongea, akarudi anacheka, nikasema huyu anatucheka sisi. Nilipombana akaapa hajui lolote, na kile kiapo ndicho kilichonizidishia shaka. Miaka minane ametushonea, dada, nami nikamwambia achukue mkasi wake arudi kwao Itetemia.

Juzi Baba mkubwa akaja mwenyewe. Akatoa simu, akanionyesha picha aliyotumiwa na jirani yake: stetasi ya simu ya duka letu, yenye anwani tatu mpya. Ya kwanza inasomeka nguo/gauni-la-ndoa-la-yasmini-na-abdulatifu. Niliiweka mimi, kuwaringia wateja. Ukurasa una nywila, nikaamini hakuna atakayeona kitu. Kumbe hakuna aliyehitaji kuufungua, anwani yenyewe imeshasema yote. Baba mkubwa akaniuliza, "Hii umeandika wewe, au yule Batuli?"

Nikasema, "Batuli."

Hasira zikamwisha palepale. Akasema kama ni hila ya mtu wa nje, basi sisi hatuna kosa, na ndoa ataisimamia. Mama akapiga vigelegele. Mimi nikatoka nikaenda uani, nisivisikie.

Leo asubuhi nimemweleza Yasmini kila kitu. Aliniomba jambo moja tu, ninyamaze mpaka ndoa ipite. Nimekataa, dada, na Mungu anajua ilivyoniuma. Kesho naanzia Itetemia kwa Batuli, nimwombe radhi mbele ya watoto wake. Kutoka hapo nakwenda Cheyo kwa Baba mkubwa, naye aamue atakavyo.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama anakusalimu sana. Mpigie Yasmini, tafadhali. Mimi hanisemeshi.

Ni mimi mdogo wako,
Asmahani