Nyumba Yako Imesimama Kwenye Mihogo ya Leonsi

Gatete, Rumonge
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Modeste,

Amahoro kwako, kwa shemeji Sabine na kwa Keza wetu. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kazi ya ghala huko Kanada inakuumiza na daktari amekukataza kuinua mizigo. Natumaini umemsikiliza, maana tangu utoto wewe husikilizi mtu. Na Keza, bado anakataa kula mboga?

Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limetulia tangu mvua zilipoisha. Jovita anaendelea na biashara yake ya mawese. Ndagala zimekuwa adimu kwa kuwa ziwa limefungwa kwa uvuvi, na ziwa lenyewe limepanda hadi watu wa chini wamehamia huku juu kwa ndugu zao. Kila ua una wageni.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu inakatika kila ninapofika kwenye neno lenyewe, na isipokatika unanikatiza wewe. Barua haikatizwi. Enjinia wa nyumba yako ataipiga picha akutumie. Uisome yote, usiruke.

Umeuliza kwa nini kazi imesimama. Nitakujibu, lakini kwanza nitoe lililo kifuani. Ulipoamua kujenga uliita kampuni ya Bujumbura. Mimi kaka yako, niliyeanza kwa kukanyaga udongo wa matofali kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na leo nusu ya nyumba kutoka barabarani hadi kanisani zimepita mikononi mwangu, ukaniomba nichunge saruji. Nimeichunga. Hakuna mfuko uliopotea. Lakini iliniuma, na bado inauma.

Kampuni ilimleta Chanceline, binti wa kutoka Kabezi, enjinia mwenye adabu. Siku ya kwanza nilimsubirisha kwenye jua kwa makusudi, na hakulalamika. Akafungua tableti yake, akaielekeza kwenye kiwanja kitupu. "Tonton, angalia," akasema, kama anayemwita mjomba wake.

Modeste, ndani ya kioo chake nyumba yako ilikuwa imesimama. Kuta nyeupe, paa jekundu, baraza. Nyuma yake migomba yetu ya kweli inapigwa na upepo. Nikisogea kushoto, naona ubavu wake. Nikirudi, uso wake uko pale pale, kona haihami. Kisha akanivalisha kofia ya ujenzi yenye kioo mbele ya macho, nikaingia ndani. Niliona mabomba ndani ya ukuta na nondo ndani ya nguzo. Kwenye mlango niliinama. Mlango wa hewa, na mimi nikainama! Vijana wa kazi wakacheka hadi kukaa chini: "Shefu, angalia kichwa!"

Sitakudanganya, ni kitu kikubwa. Zamani nilimchorea mteja vyumba vyake kwa kijiti kwenye vumbi. Anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu ukuta ukifika kifuani anasema kumbe chumba ni kidogo, bomoa. Sasa anatembea ndani ya nyumba kabla ya tofali la kwanza. Chanceline anasema mjini mafundi wanapanga nondo wakitazama kupitia kioo hicho, na kosa linaonekana kabla zege halijamwagwa. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Nilijiuliza ni nani ataniita tena nimsomee plani. Nikawa nazunguka ile nyumba yako kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Katika kuzunguka huko nikatafuta nyumba yangu. Sikuiona.

Nyumba yangu, niliyoifyatulia matofali mwaka ule tuliorudi, ilikuwa palepale kabla sijavaa kofia. Ndani ya kioo pana majani mafupi ya kijani na maua. Nikavua kofia: nyumba ipo, Jovita anaanika nguo. Nikavaa: maua. Chanceline akatazama chini. "Tonton, walituambia ile ya zamani itatoka."

Waliomwambia ni wewe. Mimi hujaniambia.

Mama naye alipewa tableti. Alifurahia chumba chake na dirisha lake linalotazama ziwa, akataka kujua kitanda kitakaa upande gani. Kisha akauliza, "Na ya Nestori iko wapi?" Akarudisha tableti, akaenda kumenya mihogo yake, na tangu siku hiyo hajaomba kuiona tena.

Hata hilo ningelimeza. Lililosimamisha kazi ni jingine.

Habari ilienea, na mtaa mzima ukaja kuona nyumba ya Kanada. Walipiga hodi kwenye mlango usiokuwepo, wanawake wakavua viatu barazani. Leonsi naye akaja, na shati lake la kanisani. Umemsahau? Ndiye tuliyemkuta analima hapa tuliporudi. Wewe ulikuwa umeshapanda ndege. Tuligawana shamba naye mbele ya wazee na watu wa serikali, tukapanda ua wa minyaa katikati, na siku hiyo tulikunywa pombe ya ndizi kwenye chungu kimoja, mirija yetu na yao pamoja. Tangu hapo hakuna aliyeinua sauti.

Leonsi akashika tableti, akaifuata nyumba ubavuni taratibu, chumba kwa chumba. Alipofika kwenye minyaa nyumba ilikuwa bado haijaisha. Ikambidi avuke. Akasimama katikati ya mihogo yake.

"Na hapa ni wapi?" akauliza.

"Jikoni," akasema Chanceline. Maskini, hakujua.

Leonsi akatazama sana. "Jiko zuri. Sasa mihogo yangu mutaipikia humo humo?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilichukua kamba nikapima: mita tisa na nusu ndani ya shamba lake.

Nilimwambia ni picha tu. Akasema, "Picha ya nani? Nani aliituma?" Kesho yake mchana akabeba kigoda, akaketi kwenye mihogo pale penye jiko, akaita kwa sauti ya barabara nzima, "Nestori! Chakula iko tayari?" Watu wakashika mbavu. Keshokutwa yake akaketi tena. Sasa anaketi kila mchana na hakuna anayecheka. Wanawe wamepita mbele yangu bila salamu. Mke wake harudishi tena chungu anachoazima kwa Mama. Juzi aliniambia taratibu, bila utani: "Miaka yote hii tumekaa vizuri. Kumbe mulikuwa munangoja mashine?" Anasema ataenda kushtaki kwa mkuu wa zone. Nami unanijua, situlii. Naanza kazi naiacha, nanoa mwiko wangu wa uashi ulionolewa tayari.

Nilimwendea Chanceline kwa hasira. Vipimo hivi mlivitoa wapi? Akanionyesha ujumbe wako. Uliandika: kutoka muchikichi mukubwa hadi kamugezi. Kamugezi, kale kamto ka ng'ambo ya mihogo ya Leonsi!

Nilikaa chini, Modeste. Yale ni maneno ya Baba. Kule kambini, kabla ya ugali, kila mtoto alilitaja shamba ambalo tulikuwa hatujawahi kuliona: kutoka muchikichi mukubwa hadi kamugezi, kutoka jiwe jeusi hadi njia ya Bugarama. Aliyekosea alipakuliwa mwisho. Na wewe uliyekuwa mdogo kuliko wote hukukosea hata mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana, nikashindwa. Hukuiba, ulitii. Lakini Baba alikufa akiwa na shamba la zamani kichwani, na wewe umelibeba hilo hilo hadi Kanada. Mgawanyo nilikueleza kwa simu, ukasema ndiyo, ndiyo, kama wale wateja wangu wa kijiti.

Na kuna hili. Siku ya Pasaka, Keza alipomsomea Mama mipaka kwenye simu na sisi tukapiga makofi, Leonsi alikuwa anapalilia karibu na minyaa. Alisikia. Sasa ananirudishia: "Hata katoto kenu ka Kanada kanajua shamba langu ni yenu."

Nikamwambia Chanceline asukume nyumba irudi upande wetu. Akaisukuma kwa kidole. Ikaja kukaa juu ya nyumba yangu, ukuta wake ukapita katikati ya kitanda cha Jovita. Jovita akatoka nje na mwiko wa ugali mkononi, kuuliza nani anatembea chumbani kwake. Basi nikasema tukate. Gari huna huku, gereji ya nini? Toa. Vyumba vya wageni toa. Jiko ligeuzwe litazame ziwa. Sebule ipungue, waliobaki wa kujaza sebule ile ni wachache. Chanceline alifanya yote akiwa amesimama, na kila nilipokosea aliniambia: ukitoa ukuta huu, tonton, paa halina pa kulalia. Alikuwa sahihi. Nilimsikiliza, na mwisho nilimwomba anifundishe kuishika tableti mwenyewe.

Alipoiinua tena, minyaa yote ilikuwa mizima, mihogo ya Leonsi haina kitu juu yake, na kando ya nyumba yako ilionekana nyumba yangu, na nguo za Jovita kwenye kamba. Zinapendeza pamoja, sikutegemea. Wageni wako watalala kwangu.

Nilimwita Leonsi. Alikuja hadi kwenye minyaa, akakataa kuvuka. Nikampa tableti juu ya ua. Akatazama, akaitembeza upande huu na huu.

"Na huyu wa Kanada amekubali?"

"Bado."

Akanirudishia. "Basi mimi nangoja na kigoda yangu."

Ndiyo sababu kazi imesimama. Kampuni inataka kuanza kuchimba msingi Jumatatu ya tarehe 17, na Mama amesema hatatia kidole chake kwenye karatasi yao ya ruhusa mpaka Leonsi asikie neno kutoka kinywani mwako. Si kutoka kwangu, si kwa enjinia. Piga simu Jumapili baada ya misa, nitakuwa nimesimama kwenye minyaa na simu nitampa Leonsi. Usiniambie utafikiria. Kama huwezi kusema, basi ibaki nyumba ya kwenye kioo, na mimi nitaendelea kuishi na jirani wa kweli.

Jovita anakusalimu, anasema amekusamehe kuhusu kitanda. Mama anawabariki wote watatu na anauombea mgongo wako. Msalimie sana shemeji Sabine, mwambie chupa yake ya mawese iko tayari, nangoja msafiri. Mungu awafunike huko mliko na awarudishe siku moja mkiwa na miguu ya kuvuka kizingiti cha kweli.

Na Keza usimwachishe kusoma mipaka. Mfundishe upya tu. Kutoka muchikichi mukubwa hadi minyaa. Akiuliza ng'ambo ya minyaa kuna nini, mwambie kuna Leonsi.

Mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Nestori