Shashi Nyeupe

Milano, 12 Novemba 1867

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vidole vya miguu vinalia. Mgongo wako vipi, na mdogo wangu Norina bado anakohoa?

Nina habari. Nimepewa sehemu ya kucheza peke yangu katika bale mpya, dansi ya jukwaani ya sherehe za Kanivali. Mimi ni ukungu wa mtoni! Sketi yangu ni ya shashi nyeupe, tabaka juu ya tabaka, nyepesi mpaka nikipumua inatikisika. Bibi Pavesi, msimamizi wa mavazi, anasema enzi za bibi yake wachezaji walivaa hariri nzito za ikulu na viatu vya visigino, wakawa wanatembea tu. Kisha wakaanza kupandisha upindo ili miguu ionekane, na mwishowe ikaja shashi. Sasa mabibi wa viti vya mbele huja na washonaji wao, watuchunguze sisi! Nusu ya mji inavaa viatu vyetu vya hariri vya kufunga kwa utepe, hata kwenye matope.

Mwanao,
Ersilia

Cremona, 20 Novemba 1867

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mgongo ni ule ule, na kikohozi cha Norina kimeisha. Wewe unakula? Supu si chakula.

Nimefurahi, lakini toka barua yako ije sina raha. Mke wa mwoka mikate anasema kule Ufaransa wasichana wa bale wameungua na sketi zao. Kwenu si kuna taa za gesi pale ukingoni mwa jukwaa? Nimesikia ipo dawa, nguo inachovywa kwenye maji ya shabu na haishiki moto. Niambie kwamba unachovya. Niambie tu hilo.

Mama yako

Milano, 8 Desemba 1867

Mama,

Shikamoo, na usinikasirikie. Ndoo ya shabu ipo nyuma ya jukwaa, na hakuna anayeigusa. Sketi ikichovywa inageuka manjano kama meno ya mzee, inakakamaa, halafu inalala mapajani kama kabichi iliyochemshwa. Nani atalipa kutazama ukungu wa kabichi? Nimejifunza kukaa mbali na taa. Mimi si mtoto.

Namtumia Norina shashi iliyobaki, na mchoro wa sketi yangu. Mshonee ndefu, ya heshima, lakini ipanuke vile vile.

Mwanao,
Ersilia

Cremona, 15 Januari 1868

Mwanangu,

Salamu nyingi toka kwetu sote, hatujambo kwa neema ya Mungu. Baridi imeuma hadi kisima kimeganda.

Sketi imekwisha. Norina alipoivaa mara ya kwanza alizunguka jikoni akaangusha sufuria ya ugali. Nikamwambia, "Wewe, hapa si Milano!" Akanijibu, "Basi Milano imekuja hapa, Mama." Sasa wasichana wa mtaa mzima wanagonga mlango wakitaka kama ile. Ataivaa kwenye dansi ya Kanivali nyumbani kwa wakili Bonetti, na Fedele, yule kijana anayempenda Norina, atakuwepo.

Lakini wewe ndiye unayeninyima usingizi. Kila ukipanda jukwaani, mimi huku nashika rozari. Chovya, mwanangu. Kabichi na iwe kabichi.

Mama yako

Milano, 18 Februari 1868

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Dansi ya wakili imeshapita, na nilidhani Norina angeandika kurasa kumi za umbeya. Au mgongo umezidi? Mimi nimecheza vizuri, wamenipigia makofi. Niandikie mstari mmoja tu.

Mwanao,
Ersilia

Milano, 24 Februari 1868

Mama,

Nimekutana sokoni na mtu wa Cremona. Nilipomuuliza habari za kwetu akatazama kofia yake, akasema, "Mama yako atakuandikia." Ataandika nini? Mazoezini leo nimeanguka mara mbili. Kama nimewakosea, nitukaneni, lakini msininyamazie.

Ersilia wako

Cremona, 27 Februari 1868

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa Padri Ottorino. Maneno ni yangu. Mikono yangu imefungwa vitambaa.

Norina yu hai. Nimetanguliza hilo ili uweze kusoma mengine.

Kwa wakili waliweka karai la makaa sebuleni, kwa ajili ya wazee. Norina alipita na Fedele, akageuka, sketi ikapanuka. Sikuona moto ukianza. Niliona mwanga tu, kisha nikasikia, "Mama!" Watu walirudi nyuma, mwanangu. Wote. Fedele naye. Nilimvamia, nikamwangusha, nikamviringisha kwenye zulia, nikapiga kwa mikono. Ilichukua muda wa kusema Salamu Maria, na sketi yote ikawa imekwisha.

Miguu imeungua, na kiuno. Daktari anasema ataishi. Kutembea, hasemi. Fedele hajaja.

Nilikuwa nakuombea wewe. Muda wote ule nilikuwa nakuombea wewe.

Usije sasa. Norina hataki uone.

Mama yako

Milano, 9 Machi 1868

Mama,

Sijui nikusalimuje. Nimelia mpaka Bibi Pavesi akanifungia chumbani kwake.

Leo nimechukua sketi yangu nikaizamisha kwenye ndoo. Meneja amepiga kelele: "Umeniharibia ukungu! Ukitoka na tambara hilo, msimu ujao usinitafute." Nikamwambia dada yangu ameungua ndani ya sketi kama hii. Akasema, "Pole. Lakini tiketi zimeuzwa."

Wenzangu kila mmoja alikuwa anafunga utepe wake. Kesho nitatoka nayo. Naogopa, Mama. Ni ajabu, moto sikuuogopa, naogopa kuchekwa.

Mwanao,
Ersilia

Cremona, 15 Machi 1868

Mwanangu,

Padri ndiye anayeandika tena. Vidole vinaanza kukunjika, shukuru Mungu.

Nimemsomea Norina barua yako. Toka ile siku hajataka kusikia jina la Milano, lakini jana alikaa kitandani mwenyewe akauliza, "Je, walimcheka?" Leo kauliza tena. Nawe mbona huandiki? Moyo wangu hauwezi kimya kingine.

Mama yako

Milano, 19 Machi 1868

Mama, shikamoo. Norina mpenzi,

Ndiyo, walicheka. Toka ghorofani mtu alipiga kelele, "Nani kamwaga supu juu ya ukungu?" na ukumbi mzima ukacheka. Nikakosea hatua, nikajikuta ukingoni kabisa mwa jukwaa. Upindo ukaangukia taa. Niliona. Wa viti vya mbele nao waliona, maana kicheko kilikatika, na mwanamke mmoja akasimama.

Ukafuka moshi kidogo, Norina. Ukawa mweusi, upana wa kiganja. Basi. Nikauvuta, nikaendelea kucheza.

Meneja amenifukuza. Nilipokwenda kuchukua viatu vyangu, nyuma ya jukwaa kulikuwa na foleni ya wenzangu kwenye ndoo ya shabu.

Nakuja nyumbani Jumamosi. Mkitaka msitake.

Dada yako, mwanao,
Ersilia