Ugonjwa wa Dada Zuwena

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zikufikie huko masomoni. Mama yako hajambo, na mie bado nnakaa naye Ghubra, hapa Maskati.

Umeuliza kama kwetu yupo aliyeugua tezi za juu ya figo. Alikuwepo dada yangu Zuwena, aliyenilea. Miaka ya sitini, tulipohamia Maskati kutoka Unguja, alinenepa uso na tumbo, miguu ikabaki myembamba. Majirani wakimcheka kwa ulafi, naye chakula chake akinipa mie.

Daktari akamwambia, "Si kula, mama. Ni tezi."

Dada akalia. "Basi nimesadikiwa," akasema.

Akapelekwa Bombei kupasuliwa, na huko ndiko alikozikwa.

Watu husifu picha yake ya Unguja, alipokuwa mwembamba. Mie nnautamani ule uso wa mviringo.

Bibi yako