Mafuta Niliyotia Kwenye Breki Zako

Opiyo, pacha wangu,

Huu ni mwaka wa nne, na bado baiskeli yoyote ikifunga breki barabarani mimi huinuka kwenye cherehani na kwenda mlangoni. Wateja wangu hapa Suna wamezoea. Wanafikiri ninamngoja mtu.

Unakumbuka ile yako ilivyotujia. Mzungu aliyekuwa akichimba visima kule Karungu aliporudi kwao, alikuachia wewe, kwa sababu hakuna aliyemtazama kama wewe alipokuwa akiirusha juu ya mawe. Baiskeli fupi, kiti chake hakikaliki, mtu huiendesha amesimama. Watu walikucheka. Halafu wakakuona ukipanda nayo jiwe la kimo cha meza na kutulia juu kwa gurudumu moja, wakanyamaza.

Breki zake hazikuwa na waya. Zilikuwa na vibomba vyembamba vya mafuta. Ukiminya mkono wa breki, mafuta yanasukuma pistoni mbili ndogo, na raba zinabana rimu kutoka pande zote mbili. Wewe hukuwa na subira na vitu vidogo, kwa hiyo kabla ya kuondoka mzungu alinifundisha mimi, fundi wa nguo. Alinionyesha jinsi ya kusukuma mafuta kwa bomba la sindano, polepole, hadi viputo vya hewa viishe. Mafuta yake hayakupatikana Migori nzima. Akachukua yangu ya cherehani, akayasugua kati ya vidole, akasema haya mepesi yatafaa. "Lakini yale ya breki ya gari usitie, Adongo. Yataharibu mipira iliyo ndani."

Jumapili baada ya kanisa tuliipindua nyuma ya duka, magurudumu juu. Wewe ulikwaruza rimu kwa tupa ili raba zishike vizuri, mimi na sindano yangu. Breki zile zilikuwa na kelele, hata kuku wa jirani walitawanyika. Nikilalamika, unaniambia, "Wacha zilie. Zikilia ndiyo zinashika."

Kisha vijana wa Homa Bay wakakualika ukashuke mawe ya mlima Asego mbele ya watu. Wiki tatu kabla, breki ya mbele ilianza kulegea, ukaniletea. Mafuta kwenye chupa yalikuwa yamebaki kidogo sana. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, sare zimerundikana, na cherehani ilikuwa inasaga kwa ukavu. Nikaipa cherehani. Gereji ya jirani walikuwa na mafuta ya breki ya gari. Nikayatia kwenye breki yako, nikijiambia ni ya siku chache tu, nitayabadilisha.

Ulipokuja kuichukua, uliminya mara mbili ukanitazama.

"Umetia mafuta gani?"

"Ni yale ya siku zote."

Ukaondoka. Hukuwahi kukagua kazi yangu, wala siku hiyo hukukagua. Wiki iliyofuata nilinunua chupa mpya ya mafuta ya cherehani. Ilikaa kwenye rafu. Kila ulipopita dukani nilisema moyoni, kesho.

Nilikuwa pale Asego, Opiyo. Nilisimama mbele kabisa. Ulishuka jiwe la kwanza, ukashuka la pili, watu wakapiga makofi. Kwenye la tatu ulitanguliza gurudumu la mbele, nikaona kidole chako kikiminya na mkono wa breki ukienda hadi mwisho. Haukutoka mlio wowote. Ule ukimya ndio ninaoamka nao kila asubuhi. Ulianguka kwa kichwa.

Uliishi siku mbili hospitalini. Siku ya pili ulifungua macho, ukaniambia, "Nilichelewa kuminya. Msiseme ni baiskeli." Nilikupangusa uso. Nikakuambia pumzika. Ndilo neno la mwisho nililokupa.

Siku tulipokuzika, baba mdogo alisimama uani akasema ulicheza na kifo hadi kikakuchoka. Watu walitikisa vichwa kukubali. Nami nilitikisa changu.

Baadaye nilifungua pistoni zile peke yangu. Mipira ilikuwa imevimba na kulainika kama maharagwe yaliyolowekwa. Nikazifunga tena, nikaisukuma baiskeli nyuma ya magunia, wala sikumwambia mtu.

Tangu hapo Mama amekuwa akikulaumu. Mgeni akikutaja tu, atasema mwanawe alikuwa mjeuri, hakusikia la mtu. Wiki jana alimwambia hivyo mke wa mchungaji. Mgeni alipoondoka, nilikaa chini karibu naye, akiwa anachambua omena, dagaa wetu wa ziwani, nikamweleza yote. Mikono yake ilisimama. Nilingoja anifukuze.

"Na yeye alijua?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Kwa hiyo alikufa akijilaumu."

"Ndiyo."

Akarudi kuchambua hadi sinia likaisha. Kisha akasema, "Mimi nimesikia, nyathina, mwanangu. Sasa mwambie yeye. Na wale waliosimama hapa siku ile, nao wasikie."

Kwa hiyo nimeandika. Jumapili nitaisoma barua hii kwa sauti, palepale uani, baba mdogo akiwepo. Sijui watanitazamaje wakati wa kutoka. Naogopa, lakini woga huu ni mwepesi kuliko ule nilioishi nao.

Hukuchelewa, ndugu yangu. Uliminya kwa wakati. Kidole chako kilifanya kazi yake yote. Mimi ndiye sikufanya yangu, kisha nikakudanganya. Msamaha nitauomba siku nyingine, nikiustahili. Leo nataka tu upumzike ukiwa umeondolewa kosa ambalo halikuwa lako.

Lala salama,
Niliyekufuata kutoka tumbo moja,
Adongo