Mnyama Uliyemwacha Bila Pa Kulala

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mnyama wa Yona bado yupo. Yule aliyembuni mwenyewe, wa masikio ya punda, mgongo wa nungunungu na miguu mitatu, kwa sababu wa nne amemwazima jongoo. Ulicheka mpaka ukaweka ungo chini. "Jongoo na miguu yake yote bado anaazima?" Kisha ukamuuliza Yona kama ulivyowauliza watoto wako wa chekechea: anakula nini, anamwogopa nani. Ulipofika kwenye analala wapi, ukashika kichwa kwa maumivu. "Tutamlaza kesho, baba." Kesho yake ulipelekwa hospitali. Hukurudi.

Tangu tulipokuzika, mchana jua likipiga na bati la paa likianza kulia, Yona hutoka mbio. "Anatembea juu," anasema. Akawa haingii ndani tena mchana. Anakula ugali juani, nyuma ya banda la kuku, jasho linamtiririka. Shangazi aliposikia habari za mnyama alinikemea: "Ninyi na mama yenu! Mmemjaza mtoto mazimwi." Akasema hali ikiendelea hivi atamchukua mdogo wangu akaishi naye Kilimatinde. Baba akatoka nje. Mama, nyumba hii bila wewe, halafu bila Yona...

Mimi mwenyewe nilijaribu kumlaza mnyama. Nikamwambia Yona kwamba mnyama wake amepata shimo zuri kule vichakani, karibu na mizinga ya nyuki, hatarudi. Akanitazama kama mgeni. "Wewe humjui."

Ni kweli. Wewe hukuwahi kumjibia mtoto. Uliuliza, ukangoja jibu lake, hata kama treni ingepiga honi na kupita.

Jumamosi nilichukua sahani yangu nikakaa naye juani. Nikauliza, "Mbona halali?"

Akatafuna kwanza. "Anaogopa kesho."

Niliweka sahani chini. "Basi tumlaze leo."

"Leo leo?"

"Sasa hivi. Wapi?"

Alifikiri sana. Halafu akaingia ndani mwenyewe, bati likilia juu yake, akavuta kiatu chako cha kanisani kutoka uvunguni, akakiinamia. "Kunja masikio," akamwambia. Shangazi alikuwa mlangoni. Alikwenda tu kuichukua sahani ya Yona akaiingiza ndani, na habari za Kilimatinde hajazitaja tena.

Sasa Yona halisikii tena bati. Mimi ndiye ninayesikia hatua: tatu, kimya, tatu. Sitoki. Nakaa chini ya bati nafanya hesabu zangu za shule. Kuna siku nadhani si yule mnyama.

Nakuaga, Mama, bila kujua kama umekwenda. Nakuahidi Yona akiniletea mnyama mwingine, hata awe wa kutisha vipi, nitamuuliza mpaka mwisho, siku hiyo hiyo. Na kama ni wewe unayetembea huko juu, nitakuuliza na wewe, na nitangoja.

Mwanao,
Rehema